Kitanda Chenye Mtu

Jumanne, tarehe kumi na mbili Novemba. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na asubuhi hiyo ilipunguza makali tu, ikabaki manyunyu ambayo huyaoni yakianguka lakini ukifika uendako mabega yamelowa. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia Mungu neno moja: "Mikono." Nilikuwa na mengine ya kusema, ila hilo ndilo lililotoka, nikaliacha lipande lenyewe.

Mikono yangu ndiyo iliyokuwa imeniangusha mara mbili.

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na miwili kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, nikifua, nikipiga pasi na kukunja. Mwaka mmoja na nusu uliopita nilijiandikisha masomo ya jioni ya wasaidizi wa wauguzi, siku tatu kwa wiki, nikakaa dawati moja na watu ambao ningeweza kuwazaa. Mitihani ya kuandika niliipita yote. Kupima joto, kulisha mgonjwa, kumwogesha, nilipita. Lililobaki lilikuwa moja: kutandika kitanda chenye mtu. Yaani mgonjwa hawezi kushuka, nawe ubadilishe kila kitu chini yake bila kumuumiza na bila kusambaza uchafu. Nafasi ni tatu. Ukianguka ya tatu, jina linafutwa na huruhusiwi kurudi tena. Na katika wodi ya wanaume ilikuwepo kazi inayomngoja mmoja wetu.

Mara ya kwanza nilifanya kila kitu sawasawa hadi nilipofika kwenye shuka safi. Nikalishika ncha mbili, nikalikung'uta. Pa!

Sista Mkuu, ambaye ndiye msahihishaji, alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Simama hapo hapo," alisema. "Vijidudu vyote vilivyokuwa vimelala, umevipa mabawa."

Kwetu chumba cha kufulia ile pa! ndiyo kazi yenyewe. Watu wawili wanashika shuka, wanalikung'uta, mikunjo inakimbia. Nilikuwa nimeifanya labda mara mia kwa siku, na mikono haikuwa na habari kwamba imehamia wodini.

Mara ya pili sikukung'uta. Nilishangilia moyoni, na katika kushangilia huko nikakusanya mashuka machafu nikayakumbatia kifuani, kama tunavyoyabeba kutoka kapuni kwenda kwenye mashine. Sista Mkuu hakuinua hata sauti. "Uchafu wa huyu sasa uko kwenye gauni lako. Na gauni lako linaelekea wapi? Kwa mgonjwa wa pili."

Siku ile nililia njiani. Sikulilia cheti. Mama yangu alilala kitandani miezi saba kabla Mungu hajamchukua, nasi wanawe tulimpenda sana. Tulimtandikia blanketi juu ya blanketi, na shuka juu ya hilo, na nguo laini juu ya shuka, ili alale pazuri. Kila safu ilikuwa na mikunjo yake. Mgongo ulichubuka, kisha ukafanya vidonda, na sisi tukazidi kuongeza nguo. Upendo ulikuwepo tele, ila hakuna aliyejua kuvuta shuka likanyooka. Nilipolisikia somo hilo darasani kwa mara ya kwanza, niliomba ruhusa nikatoka nje nikasimama ukutani.

Basi wiki sita nilifanya mazoezi nyumbani, na mume wangu akawa mgonjwa wangu bila kuumwa hata kidole. Yeye ndiye aliyenifunga rundo la funguo kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nikikung'uta tu, funguo zinalia.

"Mama watoto, umelia!" anaita akiwa amefumba macho.

"Sikukung'uta. Nimejikuna."

"Mgonjwa hajalala usingizi, anasikia. Anza upya."

Binti yetu alikuwa akipita mlangoni anatuambia nyumba hii imegeuka kituo cha polisi, mama anatembea na funguo na baba kalazwa chini ya ulinzi. Wiki ya tano funguo zilinyamaza. Wiki ya sita nilimgeuza mume wangu kulia na kushoto, nikambadilishia shuka, na nilipomaliza alikuwa anakoroma. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa mkoromo ule.

Jumatatu, siku moja kabla ya mtihani, nilikuwa zamu ya kufulia kama kawaida. Mashine ya kukaushia ilikuwa imeharibika tangu Ijumaa na jua halikuwepo. Tulitundika mashuka ndani, juu ya kamba, kisha tukayamalizia kwa pasi ya moto. Msimamizi wetu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha kijiji, tunamwita Mama Pasi. Aliniona natazama saa.

"Nenda, bibi nesi," alisema. "Lakini mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nafasi yako kwenye mashine ya tatu naitunza."

Wenzangu wakacheka. Nikacheka nao, ila lilinichoma.

Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni mwa wodi ya wanaume, saa tatu asubuhi, gauni la darasani limenyooka, kucha fupi, mkononi hakuna pete wala saa. Msaidizi niliyepangiwa alikuwa mwanafunzi mwenzangu tunayemwita Kinyozi, kwa kuwa ndiyo kazi yake ya mchana. Yeye alikwisha kupita na sasa alikuwa anawasaidia wengine.

"Usiogope," aliniambia kwa mnong'ono. "Mimi nimezoea kugeuza kichwa tu, na nimeweza kugeuza mtu mzima. Wewe unageuza mashuka ya hospitali nzima kila siku."

"Ni kitanda kipi?"

Akakuna shingo. "Namba tano. Dereva."

Nilimjua kwa sifa. Dereva wa malori, mtu mkubwa, amevunjika nyonga na kufungwa chuma siku tisa zilizopita. Jana yake mwanafunzi mmoja alimgeuza vibaya, naye alipiga kelele hadi wodi ya pili wakaja kuuliza nani kafa.

Sista Mkuu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, saa imebandikwa kifuani, ubao wa karatasi mkononi. "Dakika ishirini na tano," alisema. "Anza."

"Shikamoo, baba," nikamwambia mgonjwa.

"Marahaba. Wewe ndiye wa leo?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukubadilishia mashuka ukiwa hapo hapo. Nitakugeuza upande wa mguu mzima, na huu ulioumia utakaa juu ya mto, hautaning'inia. Kila hatua nitakwambia kabla. Ukisema simama, nasimama."

"Jana walinigeuza kama gunia la saruji."

"Basi leo tuongoze wewe. Lori ni lako."

Alinitazama kwa mashaka. Nikanawa mikono hadi kwenye vifundo, nikavuta pazia, nikakanyaga breki za magurudumu ya kitanda na kukisukuma kuhakikisha. Nikapandisha kitanda kifike kiunoni pangu. Upande wa Kinyozi nikaacha chuma cha pembeni kimesimama. Nikavaa glavu. Nikapapasa kwa macho kwanza, ndipo kwa mkono: chini ya mto nilikuta miwani na simu, nikamkabidhi Kinyozi aviweke kabatini. Midomo yangu ilikuwa inacheza. Baadaye Sista Mkuu aliniambia alidhani najikumbusha hatua. Nilikuwa namwambia Mungu, "Baba, shika mikono hii."

Nikaweka mto katikati ya magoti ya Dereva. Kinyozi akashika bega na kiuno kutoka upande wake.

"Haya, mzee, tuongoze."

"Lete," Dereva akasema, meno yamekaza. "Lete... lete taratibu... kata kidogo kwako, kijana... lete... basi! Simama!"

Alikuwa ubavuni, mguu umetulia juu ya mto. Alitoa pumzi ndefu. "Ee," akasema. "Kumbe inawezekana."

Nikalikunja shuka chafu kuelekea mgongoni kwake, upande mchafu ukiwa ndani, likakaa kama mkate. Nikafuta godoro na kulikausha. Nikavua glavu, nikasafisha mikono, nikachukua shuka safi kwenye kitoroli. Lilikuwa limenyooka kwa pasi, nikafurahi. Na hapo mikono ikakumbuka. Niliisikia kabisa, vidole viwili vya kulia vikitafuta ncha ili virushe. Nikalilaza shuka kitandani likiwa limekunjwa, nikalifungua mkunjo baada ya mkunjo, kama mtu anayefungua kitabu cha sala. Halikutoa hata sauti ya pumzi.

Nikainama kulichomeka chini ya godoro upande wa miguuni, na vidole vyangu vikagusa pindo.

Palikuwa baridi.

Nikalibana pindo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mtu yeyote aliyefua miaka michache tu anajua: shuka hukauka katikati kwanza, na pindo, kwa kuwa ni nene, hukauka mwisho. Pasi ya moto hudanganya. Inakausha juu, inanyoosha uso, na unyevu unabaki ndani ya kitambaa. Nikashika katikati, mahali ambapo mgongo wake ungelala, nikaminya kwa nguvu. Palikuwa na ubichi. Nikageukia kitoroli, nikabana pindo la shuka la pili, la tatu, la nne. Yote mabichi.

Nikatazama saa kifuani kwa Sista Mkuu. Zilibaki dakika kumi na nne.

Ningeweza kutandika. Kwenye karatasi yake hapakuwa na hatua inayosema pima unyevu, na shuka lile kwa macho lilikuwa jeupe, limenyooka, lina harufu ya sabuni. Ningevuta pembe, ningemaliza na muda ungebaki. Nilikiona cheti changu pale pale, kana kwamba kimetundikwa ukutani. Na kulikuwa na jambo jingine. Mashuka yale yalikunjwa Jumatatu. Nilikuwepo.

"Sista," nikasema, "mashuka haya mabichi. Siwezi kumlaza mtu juu yake. Naomba msaidizi wangu aende kabati la wodi ya wazazi. Wao wana mashuka ya wiki iliyopita, yaliyofuliwa kabla ya mvua."

"Muda hausimami," alijibu.

"Najua, Sista."

Nikalitia shuka lile kwenye mfuko wa nguo chafu bila kulileta karibu na mwili. Nikavaa glavu mpya. "Baba, nakurudisha chali kidogo, upumzike, kabla sijaanza tena." Nikalikunjua shuka lake la zamani, tukamrudisha taratibu, nikamfunika, nikasimamisha vyuma vya pande zote mbili. Kinyozi akatoka miguu niponye. Nilimsikia akiteleza kwenye kona ya ukumbi na kumwomba mtu radhi.

Dereva alinikazia macho. "Sasa, mama. Umenigeuza, umenirudisha. Hapa ni hospitali au gereji?"

"Shuka lilikuwa bichi, baba. Ngozi ikilala kwenye unyevu mchana kutwa, inalainika, kisha inachubuka, na kidonda cha mgongoni ni kigumu kupona kuliko hiyo nyonga."

"Nani aliyeleta mashuka mabichi?"

Sista Mkuu alikuwa anasikia. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Chumba cha kufulia," nikasema. "Na huko ndiko ninakofanya kazi. Jana nilikunja pamoja na wenzangu. Huenda hilo nililikunja mimi mwenyewe."

Nikasikia matone yakidondoka nje kutoka ukingoni mwa bati.

"Mimi," alisema hatimaye, "dereva anayeniambia breki zake mbovu kabla ya mteremko, huyo napanda gari lake."

Kinyozi aliingia akihema, mikono imenyooshwa mbele, mashuka yamelala juu yake mbali na kifua. Hata katika kukimbia alikumbuka. Zilibaki dakika saba. Akanawa mikono huku anaongea peke yake. Nikabana mapindo yote, moja baada ya jingine. Makavu.

"Mzee, tuongoze."

"Lete! Lete, lete, lete... safi... simama!"

Safari hii hatukuwa na hofu sisi watatu. Nikalikunja shuka chafu hadi mgongoni, nikafuta, nikavua glavu, nikasafisha mikono. Nikalifungua safi mkunjo kwa mkunjo, mstari wa katikati ukakaa katikati ya godoro. Nikachomeka kichwani, nikainua pembe, nikaikunja kama bahasha, nikachomeka tena. Nikaweka mpira wa kuzuia majimaji na kitambaa chake juu, nusu nikaiviringisha ikamngoja mgongoni. Nikasimamisha chuma changu. "Baba, sasa utavuka kituta kidogo, kisha barabara ni tambarare."

"Kituta nakijua. Twende."

Akavuka, mto ukiwa bado katikati ya magoti, ameinama kidogo tu bila kuulalia mguu ulioumia. Kinyozi akashusha chuma chake, mimi nikazunguka. Nikavaa glavu, nikalivuta lile chafu likatoka lote, nikalitia mfukoni moja kwa moja. Nikavua, nikasafisha mikono, nikalipokea safi kutoka chini yake, nikapinda magoti, nikavuta kwa uzito wa mwili wangu bila kupinda mgongo. Miaka ishirini na miwili ya kuinua mashuka yaliyolowa ilikuwa ndani ya mvuto ule. Shuka lilinyooka likawa kama ngozi ya ngoma. Foronya mpya. Shuka la juu, nikaacha nafasi ya vidole vya miguu. Kengele karibu na mkono wake. Miwani na simu mahali anapofika. Nikashusha kitanda, nikagusa breki kwa mguu.

Sista Mkuu alipotamka "Muda," nilikuwa nimesimama kwenye sinki, maji yanatiririka juu ya mikono yangu.

Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa godoro, akavuta pembe moja, haikutoka. Akamwuliza mgonjwa, "Unajisikiaje?"

"Lami mpya," Dereva akasema. "Lami mpya kabisa, sista, hata mistari haijachorwa."

Kisha Sista Mkuu akavaa glavu, akafungua mfuko, akalitoa lile shuka nililolitupa na kulibana pindo. Akabana na yale yaliyobaki kwenye kitoroli. Uso wake ulibadilika. Akaenda kitanda cha nne, akaingiza mkono chini ya ukingo. Akaenda cha sita. Vyote viwili vilitandikwa asubuhi ile na watahiniwa walionitangulia.

"Badilisheni hivi viwili sasa hivi," aliwaamuru wauguzi. "Na mwiteni msimamizi wa kufulia."

Alirudi akasimama mbele yangu. "Miaka kumi na tisa nasimamia mtihani huu," alisema. "Karatasi yangu ina hatua thelathini na mbili, na hakuna hata moja inayosema shika pindo." Akauweka ubao juu ya kitoroli, akaandika kwa mkono chini ya mstari wa mwisho, akisoma kila neno kwa sauti: "Thelathini na tatu. Hakikisha shuka limekauka, kwa kulibana pindo." Akainua kichwa. "Umefaulu. Na hujafaulu kwa kubahatisha."

Kinyozi aliruka. Namaanisha aliruka kweli, akagonga kichwa kwenye fimbo ya pazia. Mimi nilishika ukingo wa sinki nikasema, "Asante, Baba. Asante, Baba," mara sijui ngapi, hadi Dereva akauliza kama namshukuru yeye.

"Na wewe pia," nikamwambia, na wodi yote ikacheka.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mama Pasi, nyuma yake wenzangu wawili, mikono bado ina povu.

"Nani kasema mashuka yangu mabichi?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Jana ulikuwa umesimama ubavuni pangu unakunja!"

"Nilikuwepo, dada, na mimi ni mmoja wenu. Pasi ilitudanganya sote. Shika pindo."

Alilishika. Alilibana mara mbili, akageuza shuka akabana upande wa pili. Ile sauti ya kuamsha kijiji ikapotea. "Kweli tupu," akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Na tulileta zaidi ya arobaini."

"Yote yanarudi chini," Sista Mkuu akasema. "Wodi zote. Na mashine ya kukaushia itengenezwe leo, nitampigia mkuu wa majengo mwenyewe." Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu simrudishi kwenu. Kuanzia Jumatatu ni wa wodi hii."

Mama Pasi alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Kisha akafungua mdomo akapiga kigelegele kimoja kirefu, palepale katikati ya vitanda kumi na viwili. Wenzangu wakakipokea. Sista Mkuu aliinua kidole kuwanyamazisha, akakiacha hewani, akakishusha.

"Mashine ya tatu nampa mwingine," Mama Pasi alisema akifuta macho kwa kiwiko. "Lakini umetuaibisha, mwenzetu. Sasa tufanyeje?"

"Ahidi kitu," Dereva akasema kutoka kwenye mto wake. "Mtu akipanda cheo huahidi. Na sema kwa nguvu, wa kitanda cha kumi na mbili ana sikio moja tu linalofanya kazi."

Nikakausha mikono yangu vizuri, kidole kwa kidole, nikasimama katikati ya wodi mahali ambapo kila kitanda kingenisikia.

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote," nikasema, "kuanzia Jumatatu, kila asubuhi kabla ya zamu nitashuka chumba cha kufulia, nisimame mezani na dada zangu hawa, na hakuna shuka litakalopanda wodi hii kabla pindo lake halijapita katika vidole vyangu au vya mtu niliyemfundisha kwa mkono wangu. Na siku nitakayomlaza mgonjwa juu ya shuka bichi nikijua, nivueni gauni hili mchana kweupe, mbele ya mgonjwa huyo huyo."